Kwaya Iliyohesabu Saba

Mteja wa kwanza kuniambia nina mapepo alikuwa amekuja kununua dawa ya kupe. Alisimama mlangoni, akaisikiliza spika iliyo juu ya rafu ya mbegu za sukuma, kisha akaniuliza kwa sauti ya kunihurumia, "Daktari, hiyo redio imeharibika ama kuna watu wanaumizwa?"

Mimi si daktari. Nina duka la dawa za mifugo hapa Kangundo, na kwetu yeyote anayeweza kutofautisha dawa ya minyoo na dawa ya kuua magugu huitwa daktari. Nilimwambia redio ni nzima, huo ni muziki. Alichukua chupa yake akaenda, na tangu siku hiyo humtuma mke wake.

Sikumlaumu. Ukiwa mwanamke wa miaka arobaini na tatu, Mkatoliki wa kila Jumapili, na unapima chakula cha kuku huku Mmarekani fulani ananguruma kama tingatinga lililokwama kwenye matope, watu wana haki ya kuuliza.

Aliyeuliza zaidi ni mama yangu. Anaishi nami tangu baba alipofariki, na kila asubuhi tunakuja dukani pamoja. Huketi nyuma ya kaunta kwenye kiti cha plastiki, anachambua maharagwe ya isyo, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, na kuwachambua wateja pia. Yuko kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kukiona kitambaa chake cha kichwa kimepinda. Wimbo wangu ukianza, alikuwa akifanya ishara ya msalaba. Ukifika dakika ya kumi bila dalili ya kuisha, alikuwa akishusha ungo na kuniuliza, "Kwani huyu anataka nini? Si apewe, anyamaze?"

Ugonjwa wenyewe niliupata shuleni. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na binamu yangu aliyefanya kazi Nairobi akaniletea kaseti siku ya wazazi. Juu yake alikuwa ameandika "Nyimbo za Kwaya" ili metroni asiulize maswali. Ilikuwa imejaa bendi za vijana wenye mashati ya mistari na huzuni nyingi, ambao kwa jinsi walivyolia nilidhani kwao jua halichomozi. Sikuelewa hata nusu ya maneno. Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita, ninavaa soksi ndefu za kijani, ninakula maharagwe yenye wadudu, na hatimaye nilikuwa nimepata watu waliokasirika kama mimi.

Mwisho wa upande wa pili kulikuwa na wimbo wa aina nyingine kabisa. Ulianza kwa gitaa la polepole, ukapanda, ukageuka, ukageuka tena, ngoma zikawa zinahesabu namba ambazo hatukufundishwa. Na mwimbaji alipovuta pumzi kubwa ili apige ukelele, tak, kimya. Nilidhani ndivyo unavyoisha. Nilidhani ni ustadi. Niliwaeleza wenzangu bwenini kwamba msanii anatuonyesha jinsi kifo kinavyomkatiza mtu maneno. Wawili walilia.

Nikaishi na wimbo huo zaidi ya miaka ishirini na tano. Binamu yangu hakukumbuka ni wa nani. Kaseti ilipoanza kutafunwa na redio, nilimpelekea fundi mmoja mjini Machakos akaihamishia kwenye flashi, pamoja na ule ukimya wa mwisho, ambao nilimwonya asiuguse.

Basi Jumamosi moja aliingia mwanamume mrefu, suruali imejaa grisi magotini. Nilimjua kwa sura, maana alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na siku nyingine alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kahawa. Hatukuwa tumewahi kusemezana zaidi ya salamu.

"Sasa, Daktari. Niko na mbuzi wawili wanahara."

Nikageuka kuchukua dawa. Wimbo ule ulikuwa ukicheza. Nilipomrudia na chupa, hakunyoosha mkono kuipokea. Alikuwa ameegemea kaunta, macho ameyafumba, na kidole chake kimoja kinagonga mbao. Nikamwacha. Mama akamtazama, akanitazama, akavuta ungo wake karibu zaidi. Tak, ukafika mwisho.

Akafumbua macho. "Mbona umekata?"

"Sijakata. Ndio umeisha."

"Haujaisha."

"Mwalimu," nikasema, "huu wimbo niko nao tangu nikiwa kidato cha pili. Unaishia hapo."

Akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya kupasha habari ya msiba. "Daktari, hapo ni katikati. Kaseti yako iliisha. Kuna dakika zingine tisa."

Nilikasirika. Sitaki kudanganya. Nilimfungia dawa yake kwa nguvu kiasi cha kupasua mfuko, na sikumwambia awape mbuzi kiasi gani, ikabidi arudi kuuliza. Aliporudi alikuwa anacheka. Akasema albamu nzima iko kwenye simu yake, ataniletea Jumamosi ijayo, lakini kwanza nihakikishe nimeketi.

Jumamosi iliyofuata nikaketi. Niligeuza kibao cha mlangoni kuonyesha duka limefungwa, saa nane mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku ya mazishi ya shangazi. Mama alikataa kutoka. Alisema hawezi kuniacha na mwanamume mwenye grisi. Yule bwana akaunganisha simu yake na spika, tukausikiliza wimbo tangu mwanzo, na tulipofika pale penye pumzi kubwa nikashika ukingo wa kaunta.

Mwimbaji akapiga ukelele wake. Ulikuwa mwembamba, wa juu, kama wa mtu aliyekanyaga kaa la moto. Niliungoja robo karne. Nikaangua kicheko mpaka machozi yakanitoka. Baada ya hapo zikafuata kama dakika nne za kinanda kinachokimbia juu na chini bila sababu yoyote ambayo nimeweza kuigundua hadi leo. Nilimwangalia mwalimu. Alikuwa amefumba macho tena, ameinua mkono, anamwongoza mpiga kinanda kama anavyoiongoza sauti ya kwanza kanisani.

Halafu kelele zikapungua, likarudi lile gitaa la mwanzo, polepole, ila sasa linapiga chini kidogo, kama mtu aliyerudi nyumbani amechoka. Hapo sikucheka. Niliwakumbuka wale wasichana wawili waliolia bwenini, nikatamani kuwapigia simu niwaombe msamaha.

"Umeonaje?" akauliza.

"Kile kinanda ni upuuzi."

"Upuuzi?" Akashika kifua. "Daktari, hiyo ndiyo roho ya wimbo!"

Ndivyo tulivyokuwa marafiki. Kila Jumamosi, akitoka kiwandani na kabla ya mazoezi ya kwaya, alipita dukani na simu yake. Yeye alipenda bendi zinazopiga muziki kama mtihani wa hesabu, wimbo dakika ishirini, ngoma inabadilika kila unapoanza kuizoea. Mimi nilibaki na walionifunza kukasirika, gitaa chafu na dakika nne basi. Tulibishana vibaya. Nilimwambia watu wake wanapiga muziki kama wanaojaza fomu za serikali. Akasema wangu hawakuwahi hata kukaza nyuzi za gitaa. Yeye aliupata muziki huu chuo cha ufundi, kwa mwenzake wa chumba aliyekuwa na redio kubwa. Mkewe alikuwa amempiga marufuku kuucheza nyumbani kwa sababu ng'ombe alipunguza maziwa. Kwa miaka mingi alikuwa akiusikiliza peke yake kiwandani, mashine zikiwa zimezimwa, akiwaambia watu anakagua mikanda.

Siku moja akaniambia jambo ambalo sikujua kama ni la kuchekesha au la kusikitisha. Mashine ya kumenya kahawa kiwandani ilikuwa imevunjika jino moja la gia. Badala ya kupiga mapigo manane ilikuwa inapiga saba na kuruka. "Moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu," akanigongea mezani. "Wakulima wanalalamika. Mimi natoka machozi. Nimekataa kuirekebisha wiki mbili."

"Utafutwa kazi."

"Nimeandika wimbo juu yake."

Nilidhani ni wimbo wa kahawa. Kumbe ni wimbo wa kanisa. Parokia ilikuwa inaandaa siku ya kwaya, kila kigango kilete kwaya yake na wimbo mmoja mpya, na waamuzi watatu wakae mbele na karatasi. Mwalimu alikuwa ametunga wimbo wa sifa unaohesabu saba mwanzo hadi mwisho. Maneno hayakuwa na kosa lolote. Milima imsifu, mito imsifu, kahawa yetu imsifu. Lakini miguu ndiyo haikujua iende wapi.

Ningekuwa rafiki mwema ningemkanya. Badala yake nilimwambia wimbo ni mtamu ila haupumui, aweke pahali katikati kwaya inyamaze ghafla, watu wadhani imekwisha, halafu wote wapige sauti kwa pamoja. Akaniangalia kwa mapenzi makubwa. Wiki iliyofuata nikajikuta mwanakwaya, nimepewa kayamba, nimesimama nyuma ya sauti ya pili.

Mazoezi yalikuwa vita. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alisema wimbo huu unamfanya ajikwae hata akiwa ameketi. Mpiga ngoma wetu, mwalimu wa udereva, mtu mpole sana, alikuwa akijiongezea pigo moja kila mara ili zitimie nane. "Mwalimu, naona kama kuna moja imepotea," alisema. Mwalimu alimjibu kwamba haijapotea, imetolewa makusudi. Jibu hilo halikumsaidia mtu. Hata hivyo, wiki ya tano wakaushika. Nilimwona yule mama wa sauti ya kwanza anafunga mlango wa kanisa baada ya mazoezi huku anatikisa kichwa kwa saba, na hakujua kwamba anatikisa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya misa, kanisa limejaa hadi kwenye ngazi. Kwaya nne zilitangulia, zote kwa mapigo manne safi, watu wanapiga makofi, Padre anatabasamu, vigelegele vinakaa mahali pake. Tukaitwa sisi. Mwalimu alikuwa amevaa suti ya harusi yake. Akainua mikono.

Mstari wa kwanza ulienda vizuri kwa sababu watu walikuwa bado wanasikiliza. Wa pili wakaamua kutusaidia kwa makofi, na hapo ndipo tulipoangamia. Kanisa zima likapiga makofi kwa nne juu ya wimbo wa saba. Mara yanakutana nasi, mara yanatuacha, ikawa kama watu mia tano wanaoteremka ngazi za kimo tofauti. Padre alipiga mara tatu, akasita, akaangalia viganja vyake, akaviweka mapajani. Mpiga ngoma wetu alitazama huku na kule, akaamua kwenda na wengi, akaongeza lile pigo lake. Sauti ya tatu ikamfuata. Sauti ya pili ikanifuata mimi na kayamba langu, na mimi sikuwa ninamfuata mtu yeyote.

Kisha tukafika kwenye ule ukimya niliouomba. Nusu ya kwaya ilinyamaza na nusu haikunyamaza. Watu wakadhani tumemaliza, wakashangilia kwa huruma. Waamuzi wakaanza kuandika. Nilimwangalia mwalimu. Mikono yake ilikuwa bado juu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeona nyumba yake inaungua.

Ndipo nikamwona mama yangu anatoka kwenye safu ya tatu.

Nilidhani anaenda nje kwa aibu. Lakini alipita kati ya viti, akapanda hatua mbili hadi tulipo, akamwambia mpiga ngoma, "Lete hapa." Yule mwalimu wa udereva akampa. Mama akavuta kiti, akaketi, akainamisha ngoma katikati ya magoti, akalitandika gauni lake la bluu pembeni vizuri, akaanza kupiga.

Alipiga saba. Hakuhesabu, hakumtazama mwalimu. Mkono wa kushoto ulikuwa unaweka chini pigo zito na wa kulia unajaza, na pale penye tatu za mwisho alikuwa anachelewa kidogo sana, kama anayekutania kwamba huenda asifike, kisha anafika. Kwaya ikapata pa kusimama. Tukaingia tena. Na kwenye safu za akina mama wazee, wale wa vitambaa visivyopinda, nikaona mabega yanaanza kutikisika. Hakukuwa kule kuyumba kwa kawaida na wimbo wa kanisa. Yalitikisika haraka, kutoka ndani, vichwa vimetulia kabisa. Bibi mmoja ambaye huja na mkongojo aliuegemeza kwenye kiti na kusimama bila huo mkongojo. Mwingine akatoa sauti kooni ambayo sijawahi kuisikia kanisani wala popote.

Mtu yeyote aliyezaliwa Ukambani anaijua kilumi kwa jina. Ni ngoma ya wanawake wazee, ya kuita mvua na kutuliza pepo, na kanisa liliwakataza mabibi zetu kwa ukali. Kwa miaka yote mama aliniambia kwamba nyumbani kwao mambo hayo hayakuwahi kukanyaga. Siku ile nilijua kwamba yeye na wenzake wasiopungua kumi walijua pa kuweka kila bega.

Tuliimba hadi mwisho. Kanisa zima likapiga makofi. Mama akairudisha ngoma, akasema, "Asante," akashuka kurudi kwenye kiti chake, akafungua pochi akatafuta peremende.

Tulishika nafasi ya mwisho. Mwamuzi mmoja aliandika kwamba mpigo wetu "haukukamilika", na mwalimu ameitunza karatasi hiyo kwenye pochi yake kama picha ya mtoto. Wiki hiyo hiyo aliombwa apumzike kufundisha kwaya. Aliyechukua nafasi yake alifundisha miezi miwili, sauti zikaanza kugombana, akaitwa kimyakimya arudi. Alirudi, kwa sharti kwamba kila wimbo uhesabike na mtu wa kawaida. Ile gia ya kiwandani pia aliibadilisha. Alinipigia simu kunijulisha, na sauti yake haikuwa nzuri.

Mama ndiye alikuwa na kesi kubwa. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alikuja dukani Jumatatu asubuhi, amesimama wima, akasema wanataka maelezo.

"Maelezo gani?" Mama hakuacha maharagwe yake.

"Ile ngoma uliyopiga. Unajua vizuri ni ya wapi."

"Na wewe umejuaje ni ya wapi?"

Mwenyekiti akageukia rafu ya chanjo. Akanunua chanjo ya kideri, ingawa nina hakika hana kuku, akaenda.

Alipoondoka, nilifunga kaunta, nikaketi juu ya gunia la chakula cha ng'ombe mbele ya mama.

"Mwaitu, ulijifunza wapi?"

"Kwa susu, bibi yangu. Alikuwa na ngoma ndefu, inalia mpaka ng'ambo ya mto. Alikuwa akinichukua nimsaidie kuipasha moto ngozi ikaze. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Kisha nikabatizwa, na baba akaipasua ile ngoma kuni."

"Uliona uchungu?"

Akachagua maharagwe kadhaa kabla ya kujibu. "Isyo ya siku hiyo ilipikwa kwa zile kuni. Nilikataa kula. Nikachapwa." Akapuliza maganda. "Ilikuwa kitu kizuri sana, ile ngoma."

Kwa miaka yote nilidhani mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupenda kelele.

"Na nyimbo zangu, kwa nini ulikuwa unazitukana?"

"Sikutukana ngoma. Nilitukana yule anayelia." Akafikiri. "Huyo wa Mwalimu, mwenye ngoma nyingi, anajua kidogo. Lakini anaharakisha. Hana mtu mzima wa kumwambia atulie."

Nilimpelekea mwalimu maneno hayo, akakiri kwamba ni kweli, mpiga ngoma huyo huharakisha, na kwamba amekuwa akilificha jambo hilo tangu chuo. Jumamosi iliyofuata alileta wimbo wa dakika ishirini na tatu, akauweka mbele ya mama kwa heshima kama anayepeleka posa. Mama aliusikiliza wote. Alisimamisha mara mbili kuuliza kwa nini wamebadilisha kabla hawajamaliza walichokuwa wakisema. Kinanda kilipoanza kukimbia, alisema, "Huyu sasa anajionyesha," na mimi nikampigia makofi. Mwalimu akatuambia sisi wawili hatuna dini.

Kwa hiyo sasa tuko watatu. Wateja wamezoea, au wameenda kununua kwingine. Mama bado hamtaki yule mwimbaji wangu wa mashati ya mistari, anasema angeoa angepoa, lakini hupiga mguu wake chini ya kaunta akidhani simwoni.

Juzi Jumamosi tulikuwa katikati ya ubishi mkali, mwalimu anamwonyesha mama kwa vidole jinsi wimbo fulani unavyotoka kwenye tano kuingia kwenye saba, na mama anamwambia kwamba hiyo ni njia ndefu ya kufika karibu. Mlango ukatiwa kivuli. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na mkoba wake ameushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

Nikapunguza sauti. "Karibu. Ni chanjo tena?"

"Hapana," akasema. Akaitazama barabara nyuma yake, kushoto na kulia, kisha akaingia ndani na kuangalia mahali pa kukaa. "Hamna kiti kingine?"